Imekataa Kufunguka

Mjomba wangu hapigi simu kabla ya saa tatu asubuhi ila kuna msiba. Kwa hiyo simu yake ilipoita saa moja na robo, Jumatatu, mswaki ukiwa mdomoni, niliipokea nikiwa nimeshajiandaa kusikia jina la marehemu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Barua pepe imekataa kufunguka."

Hakuuliza hujambo, hakuuliza watoto, hakuuliza Dar mvua imenyesha. Nikajua hali ni mbaya, tena kwa namna yake ni mbaya kuliko msiba, maana kwenye msiba angalau angeniuliza nimeamkaje.

Mjomba ni wakala wa forodha Tanga. Ofisi yake ni vyumba viwili Ngamiani, feni moja, karani mmoja, na kompyuta ambayo juu yake kuna kitambaa cha kufuma kama redio za zamani. Shughuli yake yote inapita kwenye barua pepe: hati za shehena, ankara, orodha za mizigo, majibizano na wenye meli. Siku za bure bandarini zikiisha kontena linaanza kuhesabiwa pesa kila kunapokucha, na anayehesabu hajali kwamba kompyuta yako imegoma.

Mimi ni mhasibu. Nasema hivi mapema ili msije mkanitumia picha za skrini zenu. Lakini katika ukoo wetu mtu wa kwanza kumiliki laptopu ndiye fundi wa kompyuta mpaka afe, na mtu huyo, kwa bahati mbaya, nilikuwa mimi.

"Usiwe na wasiwasi," akaongeza mjomba, akinipa wasiwasi. "Kijana wa hapa jirani ameshaiangalia. Anasema tupige Windows upya, nusu saa tu imekwisha. Yuko njiani."

Nilitema dawa ya meno. "Mjomba, tafadhali. Asiiguse. Mwambie mpwa wako amekataa."

Acha nieleze kwa nini nilipiga kelele. Mwaka 2012 ndimi niliyemfungia mjomba Thunderbird, programu ya kusomea barua pepe. Seva, yaani ile kompyuta ya mbali inayopokea barua, ya kampuni iliyokuwa inampa anwani ilikuwa na nafasi ndogo mno, sanduku linajaa baada ya skani kumi. Basi nikaiweka kwa njia ya POP: programu inakwenda kwenye seva, inachukua barua, inazileta kwenye kompyuta, na kule seva inazifuta. Ni kama kwenda posta kufungua sanduku, ukishabeba barua zako posta hawabaki na nakala. Njia ya pili, IMAP, ingeacha barua zote kule kwenye seva na kompyuta ingekuwa dirisha tu la kuchungulia, lakini kwa nafasi ile haikuwezekana. Maana yake ni kwamba barua zote za mjomba tangu 2012 zilikuwa mahali pamoja tu duniani, ndani ya ile kompyuta yenye kitambaa. Na kupiga Windows upya, kwa jinsi vijana wetu wengi wanavyoifanya, huanza na kufuta diski nzima.

Yule kijana si mjinga. Kwa mtu mwenye sinema na nyimbo, dawa yake inafanya kazi. Ila hakuuliza swali ambalo lilitakiwa kutangulia yote: barua zinaishi wapi?

*

Sasa hili neno "imekataa". Nalipenda na linanitesa. Sisi tunaizungumzia mashine kama mtu mwenye hiari yake: imekataa, imegoma, imenuna, imeganda, inazunguka tu. Neno moja, "haifunguki", linabeba magonjwa matano au sita yasiyo na undugu.

Kuna ile ya kubofya na kisitokee kitu kabisa, hata kale kaduara hakazunguki. Hiyo mara nyingi ni alama tu ya njia ya mkato iliyobaki kwenye skrini wakati programu yenyewe ilishaondolewa au kuhamishwa. Kuna ya kubofya, kaduara kakazunguka, kakapotea, kimya. Hapo programu imewaka kisha imekufa, au imewaka nyuma ya pazia na haijajitokeza. Kuna ya dirisha kutokea likiwa jeupe kama shuka na juu yake kuandikwa kwamba halijibu. Kuna ya ujumbe wa Kiingereza unaosema Thunderbird tayari iko kazini lakini haijibu, funga kwanza ile ya zamani. Halafu kuna inayofunguka vizuri sana ila inauliza nywila, au inafunguka ikiwa tupu kama nyumba iliyohamwa. Kwa mwenye barua, zote hizo ni "imekataa kufunguka", na kwa upande wake yuko sahihi, kwa sababu barua hazioni.

Kwa hiyo kazi ya kwanza kwenye simu ni kumfanya mtu aache kukwambia kilichotokea akuambie anachokiona. Na kwa mtu aliyekuzidi miaka thelathini, ukimwuliza mara ya tatu "unaona nini sasa mjomba?" unaanza kusikika kama polisi.

"Naona kompyuta."

"Ndiyo, kwenye kioo."

"Naona picha ya wajukuu."

"Bofya Thunderbird mara mbili halafu usiguse kitu. Hesabu mpaka sitini."

Alihesabu kwa sauti. Kufika ishirini na mbili akanyamaza. Nikamwuliza kulikoni. "Nimebofya tena, naona inachelewa."

Hapo nikapata jibu la kwanza. Kila akibofya anaiamsha upya programu ambayo bado inahangaika kuamka. Nikamwambia anitumie picha ya skrini kwa WhatsApp. Ikaja ikiwa na mwanga wa flashi katikati na kidole gumba pembeni, lakini ulionekana ule ujumbe wa kwamba programu tayari iko kazini.

Ushauri uliozagaa mitandaoni kuhusu ujumbe huu ni kuingia kwenye folda ya programu na kufuta faili linaloitwa parent.lock. Faili hilo ni kama kufuli la mlango: programu ikiingia ndani inalifunga ili nakala ya pili isiingie kuvuruga barua. Kwenye Windows sijawahi kuona kufuta kufuli hilo kukimponya mtu peke yake. Kama programu ingali hai kule nyuma, Windows yenyewe itakukatalia kulifuta. Na kama imekufa, kufuli halimzuii mtu. Kinachotakiwa ni kumtoa aliyemo ndani. Nikamwambia abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja.

"Mwanangu, nina mikono miwili na mmoja umeshika simu."

Karani akaitwa. Karani akabonyeza. Kwenye orodha ya Task Manager zikaonekana Thunderbird tatu, akaziua moja moja. Wakabofya mara moja tu, safari hii kwa nidhamu. Dirisha likatokea, jeupe. Likakaa jeupe. Mjomba akasema, "Angalau imefungua macho."

Tukajaribu la pili: kushikilia kitufe cha Shift wakati wa kubofya. Thunderbird inaingia katika hali ya utatuzi, inaacha nje madoido yote na viongezo, yaani vile vijiprogramu vya kupachikwa. Ikifunguka kwa njia hiyo unajua mchawi ni kiongezo fulani. Haikufunguka. Ikabaki jeupe ile ile.

Hapo ndipo nilipouliza swali ambalo ningeuliza mwanzo kama ningekuwa fundi wa kweli: "Mjomba, fungua ile sehemu ya diski. Ule mstari wa diski C una rangi gani?"

"Mwekundu. Wote."

"Umebaki na nafasi kiasi gani?"

Karani akasoma: megabaiti kumi na saba. Kwenye diski ya gigabaiti 240.

*

Programu ya barua haiwezi kuamka bila pa kuandika. Kila ikiwaka inaandika: kufuli, mipangilio, faharasa, kumbukumbu za ni barua ipi imesomwa. Ukiinyima nafasi ni sawa na kumwamsha mtu ndani ya chumba kilichojaa magunia mpaka dari, hana pa kushusha mguu. Lakini nini kilichojaa? Mjomba hana sinema. Ana skani.

Kabla ya kulijibu hilo, siku hiyo hiyo ilibidi tumtoe kwenye moto. Barua zilizokuja tangu Jumamosi zilikuwa hazijapotea, zilikuwa bado kule seva zikisubiri kuchukuliwa. Angeweza kuzisoma kwa simu kupitia kivinjari, mradi awe na nywila. Nywila hakuna aliyeijua. Programu ilikuwa imeihifadhi miaka yote ile ikawa inaitumia yenyewe, na binadamu wakaisahau. Ikapatikana mchana, nyuma ya kalenda ya 2012 ambayo mjomba hakuitupa kwa sababu ilikuwa na picha nzuri ya jahazi. Mwandiko ulikuwa wangu. Mwenye kontena Arusha akapata karatasi zake jioni hiyo.

Jumamosi nikapanda basi. Sikuwa na haja ya kwenda, mtu angeweza kunisaidia kuunganisha kompyuta ile na ya kwangu kwa mbali, ila sikutaka kufanya upasuaji wa barua za miaka yote hiyo nikiwa Dar, umeme ukiwa Tanga. Isitoshe kuna machungwa ya Muheza, ambayo huuzwa dirishani kwa bei inayomfanya mtu anunue mfuko mzima akasahau kwamba anakwenda nyumba yenye michungwa.

Nilichofanya cha kwanza ofisini si kurekebisha. Nilichomeka diski ya nje, nikaandika %APPDATA% kwenye kile kisanduku cha njia, nikaingia Thunderbird, kisha Profiles, nikaikuta folda yenye jina la ovyo, herufi na tarakimu nane zilizochanganywa kisha nukta na neno default. Humo ndimo alimokuwa mjomba mzima: barua, anwani, nywila, mipangilio. Programu yenyewe inakaa sehemu nyingine kabisa ya diski, na unaweza kuiondoa na kuiweka tena mara kumi bila hata barua moja kujua. Ndiyo maana pia kuiondoa na kuiweka tena, dawa anayoikimbilia kila mtu, mara nyingi haiponyi kitu: umebadilisha mlango wakati kilichooza ni dari. Nikanakili folda yote. Ilichukua zaidi ya saa moja, na nilikataa kugusa chochote kabla haijaisha, hata mjomba aliposema chakula kinapoa.

Ndani ya folda ya barua nikalikuta jibu. Kulikuwa na faili linaloitwa Inbox, bila nukta, bila chochote nyuma ya jina, gigabaiti 14. Kando yake Inbox.msf, dogo. Na kando yao mafaili tisa yanayoitwa nstmp, mengine yakiwa na namba nyuma, mengi ya gigabaiti kumi na kitu. Ndiyo yaliyomaliza diski.

Inabidi nieleze hili polepole kwa sababu ndilo lililonikosesha usingizi kwa raha. Thunderbird, tangu toleo lake la 1.0 la Desemba 2004, huhifadhi folda ya barua kwa muundo wa zamani uitwao mbox, uliozaliwa kwenye mashine za Unix miaka ya 1970. Barua zote zinafuatana ndani ya faili moja refu la maandishi, kama daftari, na kila barua mpya huanza kwa mstari wenye neno From. Viambatanisho vimo humo humo, vimegeuzwa herufi: kila baiti tatu zinakuwa herufi nne, hivyo skani ya megabaiti tatu inakaa megabaiti nne na ushei. Zidisha kwa hati za shehena za miaka yote.

Ukifuta barua, haifutwi. Inawekewa alama tu kwamba isionekane, na karatasi yake inabaki daftarini. Ili nafasi ipatikane kweli, programu inabidi iandike daftari jipya lenye barua hai pekee, kisha itupe la zamani. Kazi hiyo ndiyo kubana folda, na programu yenyewe hukuuliza mara kwa mara: nibane, uokoe nafasi? Daftari jipya, likiwa bado linaandikwa, huitwa nstmp. Mwisho kabisa ndipo linapochukua jina la Inbox.

Mjomba, mtu mwangalifu, anayezima taa akitoka chooni mchana, kila alipoulizwa kama anataka kuokoa nafasi alijibu ndiyo. Swali hilo lilimjia jioni. Alibofya ndiyo, akavaa kofia, akaenda msikitini. Na karani, kwa maagizo ya mjomba huyo huyo, alizima kila kitu ukutani saa kumi na moja na nusu. Siku nyingine umeme uliwatangulia, kwa sababu betri ya UPS, kile kifaa cha kushikilia kompyuta umeme ukikatika, ilikufa zamani ikabaki kama kiti cha kuwekea simu. Daftari la gigabaiti 14 haliandikwi upya kwa dakika tano kwenye kompyuta ile. Likakatizwa, nusu yake ikabaki diskini, bila mwenyewe. Kesho likaanzwa lingine. Mara tisa. Kila alipookoa nafasi akaipoteza nyingine.

Nilimweleza. Akanitazama kwa muda, kisha akamtazama karani, na karani akatazama soketi.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni umeme, mjomba."

"Usiniheshimu kupita kiasi. Ni mimi."

*

Kilichobaki kilikuwa chepesi. Kwa kuwa kubana hubadilisha la zamani mwishoni tu, Inbox halisi ilikuwa nzima. Nilihakikisha hivyo kwa kuifungua ile nakala kwenye laptopu yangu kwanza. Nikafuta nstmp zote, na ule mstari mwekundu ukarudi buluu, mjomba akapiga kofi moja kama mtu aliyeona goli. Nikafuta na Inbox.msf, ambayo ni faharasa tu na hujengwa upya. Naomba hapa mtu asinisome kwa haraka: lenye .msf ndilo la kufuta, lisilo na kitu nyuma ya jina ndizo barua zenyewe. Nimewahi kumwona mtu msafi akilitupa hilo la pili kwa sababu "halijulikani ni la programu gani".

Wenye Outlook, programu ya barua ya Microsoft, wana yao, majina tu tofauti. Kwao daftari ni faili la .pst, na lina kikomo: matoleo ya zamani yaliishia gigabaiti 2, ya 2003 na 2007 yakapandishwa hadi 20, kuanzia 2010 ikawa 50. Kushikilia Ctrl wakati wa kubofya ndiyo Shift yao, na kuna kifaa kinaitwa ScanPST cha kuunganisha faili lililovunjika. Nacho pia kitumie juu ya nakala.

Nikabofya Thunderbird. Ikafunguka, ikaanza kujenga faharasa, mstari mdogo wa chini ukitambaa. Ilichukua karibu saa nzima. Tulitumia muda huo kula wali wa nazi uliopoa na kupangana: Inbox itagawanywa kwa miaka, ya mwaka huu ikae peke yake ili isinenepe, folda nzima inakiliwa kwenye diski ya nje kila Ijumaa, na diski hiyo inalala nyumbani, si ofisini, kubana kunafanywa asubuhi, si jioni, betri ya UPS inanunuliwa Jumatatu. Karani aliandika yote. Mjomba alikubali yote isipokuwa kuondoa kitambaa.

Barua ziliporudi alianza kuteremka, akateremka, mpaka chini kabisa, 2012. Ya kwanza kabisa ilikuwa yangu. Nilimtumia siku ile nilipomfungia, kutoka anwani ya kazi yangu ya kwanza: "Mjomba, hii ni ya jaribio. Ukiipata nijibu."

"Sikukujibu?"

"Hukunijibu."

Akavuta kiti. Akaandika kwa vidole viwili, polepole, akiangalia kila herufi kabla ya kuibonyeza: "Marahaba mwanangu. Nimeipata. Hujambo? Watoto hawajambo?" Akabofya kutuma. Ikaenda, na ule mlio mdogo wa kutoka ukasikika, tukatazamana kwa furaha.

Baada ya sekunde kumi ikaingia barua, ya kwanza kupokelewa tangu ugonjwa. Ilikuwa ya Kiingereza, kutoka kwenye seva ya ofisi niliyoiacha miaka minane iliyopita, ikisema anwani hiyo haipo.

Mjomba aliisoma yote, miwani ikiwa imeshuka puani. Kisha akanigeukia.

"Umeona? Imekataa tena."